Ahadi ya Diwani Ipimwe kwa Mamlaka ya Kiti

Leo naomba tukae kitako tuzungumzie uchaguzi ambao haupigiwi ngoma wala vigelegele: uchaguzi wa madiwani wa halmashauri ya wilaya huko England. Kwa kawaida hufanyika Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa Mei. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku, na kituo chenyewe mara nyingi ni ukumbi wa kijiji, darasa la shule ya msingi au chumba kando ya kanisa. Mpiga kura huingia, hutaja jina na anwani, huonyesha kitambulisho chenye picha, karani hulipigia jina mstari daftarini, kisha mpiga kura hupewa karatasi na kwenda kwenye kibanda ambako amewekewa penseli. Hachovyi kidole kwenye wino. Anaweka alama yake, anakunja karatasi, anaitumbukiza sandukuni na kwenda zake. Dakika tano zinatosha. Hata hivyo, walio wengi hata hizo dakika tano hawazitoi. Mei 2023, zilipochaguliwa halmashauri zipatazo 230 na kugombewa viti zaidi ya 8,000, waliopiga kura walikuwa takribani theluthi moja tu ya walioandikishwa.

Watu wanapokaa nyumbani kwa wingi namna hiyo, husemwa kwamba wameridhika, au kwamba ni wavivu. Mimi naona kuna sababu nyingine yenye uzito zaidi: wengi hawajui diwani wao anaweza nini na hawezi nini, na wanaogombea udiwani hawajitaabishi kuwaeleza. Hoja yangu leo ni moja. Kura ya wilaya ina nguvu ya kweli, lakini nguvu hiyo ina mipaka, na uchaguzi huwa wa haki pale tu ahadi ya mgombea inapopimwa kwa mamlaka ya kiti anachokiomba. Wahenga walisema ahadi ni deni. Basi mgombea anayeahidi jambo lisilo mikononi mwa halmashauri anakopa kwa mpiga kura huku akijua hana cha kulipia, na deni la namna hiyo likirudiwa mwaka hata mwaka ndilo linalowafanya watu waone sanduku la kura halina maana.

Tuanze na mamlaka yenyewe. Halmashauri za wilaya za England kwa sura tunayoijua zilitokana na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1972, zikaanza kazi tarehe 1 Aprili 1974. Penye ngazi mbili, juu ya wilaya kuna halmashauri ya kaunti, na kazi zimegawanywa baina yao. Kaunti ina elimu, matunzo ya wazee na watoto walio katika shida, barabara na maktaba. Wilaya ina vibali vya ujenzi, makazi, usafi na afya ya mazingira kama vile ukaguzi wa mikahawa, vituo vya michezo na ukusanyaji wa taka. Mgawanyo wenyewe una mambo ya kushangaza. Pipa la taka lililo mlangoni kwako hubebwa na gari la wilaya, lakini taka hizo zikishapakiwa, kuziteketeza au kuzifukia ni kazi ya kaunti. Ankara ya kodi ya halmashauri hutumwa na wilaya, yenye nembo ya wilaya, na ukiisoma mstari kwa mstari utaona sehemu kubwa ya fedha inakwenda kaunti, nyingine polisi, nyingine zimamoto, na kinachobaki wilayani ni kipande kidogo. Mwananchi anaona nembo moja, anadhani mwenye nembo ndiye mwenye fedha. Kisha mgombea wa wilaya anapita mlango kwa mlango akiahidi kuziba mashimo ya barabarani, na barabara si zake. Atakachoweza, akichaguliwa, ni kuandika barua kwa kaunti. Kuandika barua ni kazi ya heshima, lakini mpiga kura aliahidiwa lami, hakuahidiwa barua.

Ili hoja isibaki hewani, tuangalie wilaya moja. Uttlesford iko kaskazini-magharibi mwa kaunti ya Essex, na sensa ya 2021 ilihesabu huko watu wapatao 91,000. Mji wake mkuu ni Saffron Walden, na jina hilo lina harufu ambayo mpishi wa pilau na biriani anaijua: ni zafarani. Karne nyingi zilizopita zao hilo lililimwa kwa wingi pembezoni mwa mji, likaupa mji jina lake. Leo hakuna anayegombana juu ya zafarani. Kinachogombewa ni ardhi: nyumba mpya zijengwe wapi, na kiwanja cha ndege cha Stansted, kilichomo ndani ya wilaya hiyo hiyo, kiruhusiwe kukua hadi wapi. Kwa mtu wa kijijini huko, haya si mambo ya kwenye makaratasi. Ni ndege inayopita juu ya paa usiku, ni foleni ya magari katika barabara iliyojengwa kwa mikokoteni, ni shamba linaloonekana dirishani ambalo mwaka kesho huenda likawa mtaa wa nyumba mia tatu.

Novemba 2018 kamati ya mipango ya halmashauri hiyo, iliyokuwa chini ya chama cha Wahafidhina, iliamua kukubali ombi la Stansted la kupandisha kikomo cha abiria kutoka milioni 35 hadi milioni 43 kwa mwaka. Kura za wajumbe zilifungana, na kura ya ziada ya mwenyekiti ndiyo iliyoamua. Miezi sita baadaye, tarehe 2 Mei 2019, ukafika uchaguzi. Chama cha wakazi kilichozaliwa wilayani humo humo na kilichopinga upanuzi huo, Residents for Uttlesford, yaani Wakazi kwa ajili ya Uttlesford, kilichukua viti 26 kati ya 39. Wahafidhina, waliokuwa wakiongoza, wakabaki na viti 4. Si chama chenye makao London, si chama chenye mbunge hata mmoja. Ni majirani waliojipanga na kuichukua halmashauri kwa siku moja. Ukitaka ushahidi kwamba kura ya wilaya ina nguvu, ndio huo.

Hapa mtu makini atanipinga. Atasema mwezi ule Wahafidhina walipigwa England nzima, wakapoteza viti zaidi ya 1,300, kwa sababu ya hasira za kujitoa Umoja wa Ulaya. Hivyo kilichotokea Uttlesford ni wimbi la taifa lililopita juu ya wilaya. Hoja hiyo ina ukweli nusu, na lazima tuupokee huo ukweli. Lakini iangalie Desemba ya mwaka ule ule wa 2019. Katika uchaguzi wa bunge, jimbo la Saffron Walden, ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa wilaya hiyo hiyo, lilimrudisha bungeni Kemi Badenoch wa chama hicho hicho cha Wahafidhina kwa tofauti ya kura zaidi ya 27,000. Miezi saba tu imepita. Wapiga kura walewale waliowatoa Wahafidhina halmashauri waliwapa ushindi mkubwa bungeni. Walijua wanachagua vitu viwili tofauti. Bungeni walimchagua atakayeamua mambo ya Ulaya na kodi za taifa; wilayani waliwachagua watakaoamua juu ya shamba la jirani na kelele za ndege. Mwananchi wa kawaida ana akili ya kutenganisha mamlaka na mamlaka, mradi mgombea asimchanganye.

Sasa tuje kwenye upande mgumu wa kisa hiki, maana ndiko lilipo somo. Kibali cha Stansted kilikuwa kimeamuliwa lakini hakijatolewa rasmi. Madiwani wapya walilirudisha suala mezani, na Januari 2020 kamati ya mipango ikalikataa ombi. Waliowachagua walishangilia, ahadi ilionekana kulipwa. Lakini sheria ya mipango ya England inampa mwombaji aliyekataliwa haki ya kukata rufaa kwa wakaguzi wa serikali kuu. Wenye kiwanja walikata rufaa. Jopo la wakaguzi watatu lilisikiliza pande zote, na Mei 2021 likatoa uamuzi: upanuzi ukubaliwe. Suala la hewa ya ukaa, ambalo wapinzani wa upanuzi walilitegemea sana, wakaguzi waliliona kuwa linashughulikiwa kwa sera ya taifa. Halmashauri ikaamriwa pia kulipa gharama za rufaa za upande wa pili, amri ambayo kwa kanuni zao hutolewa pale upande mmoja unapoonekana umetenda bila sababu za kuridhisha. Fedha hizo ni za nani? Ni za wakazi walewale waliopiga kura kuzuia upanuzi. Walishinda kwenye sanduku, wakashindwa kwenye rufaa, wakapelekewa na ankara.

Jambo la pili lilikwenda sambamba na hilo. Kila wilaya inatakiwa iwe na mpango wa ardhi, kitabu kinachosema nyumba ngapi zijengwe, wapi, na barabara, shule na zahanati zitafuataje. Mpango uliokuwa ukitumika Uttlesford ulikuwa wa mwaka 2005. Mpango mpya ulioandaliwa na utawala uliotangulia ulitegemea kujenga makazi mapya makubwa matatu, na wakaguzi waliandika Januari 2020 wakieleza kwamba hawakuridhishwa na ushahidi wake. Aprili mwaka huo halmashauri ikauondoa. Sasa sikiliza jinsi sheria inavyofanya kazi. Sera ya taifa inasema wilaya isipokuwa na mpango wa kisasa, au isipoweza kuonyesha ardhi ya kutosha kwa nyumba za miaka mitano, mizani huinamia upande wa mjenzi. Kwa hiyo kila mwezi unaopita bila mpango, mlango wa mashamba unakuwa wazi zaidi. Halmashauri inakataa, mjenzi anakata rufaa, mjenzi anashinda. Februari 2022 serikali kuu iliiweka Uttlesford chini ya uangalizi maalumu kwa sababu ya maamuzi yake mengi mno kupinduliwa kwenye rufaa, na wajenzi wa miradi mikubwa wakaruhusiwa kuiruka halmashauri na kupeleka maombi yao moja kwa moja kwa wakaguzi wa taifa. Kwa haki, si yote yaliyosababishwa na chama kipya. Mpango ulioanguka walirithishwa. Lakini matokeo ni kwamba wilaya iliyopiga kura ili iamue yenyewe juu ya ardhi yake ilipungukiwa na uwezo huohuo wa kuamua.

Hapo ndipo mkataji tamaa anaposimama na kuuliza: basi kura ina faida gani, kama wakaguzi kutoka serikali kuu wanaweza kufuta kilichoamuliwa na wakazi? Swali ni zito, na jibu langu ni kwamba anayeuliza ameuona mpaka, akadhani ni ukuta. Rufaa ya Stansted haikusema halmashauri haina mamlaka. Ilisema mamlaka yake yanatumika kwa ushahidi na sheria, na kwamba kukataa peke yake hakutoshi. Halmashauri yenye mpango uliokamilika na ardhi iliyopimwa inakataa na kukataa kwake kunasimama. Isiyo na mpango inakataa na kukataa kwake kunapeperuka. Kilichohitajika Uttlesford toka mwanzo ni kazi ngumu isiyo na shangwe: kukusanya takwimu, kuchagua maeneo ambayo hakuna anayependa yajengwe, na kuwaambia watu wa kijiji fulani kwamba nyumba zitakuja kwao ili zisisambae kila mahali. Hiyo ni kazi ya diwani, iko ndani ya mamlaka yake kabisa, na ni wapiga kura wa Mei wanaoamua nani akaifanye. Na hukumu yao iliendelea. Mei 2023, baada ya rufaa, ankara na uangalizi, waliwarudisha Residents for Uttlesford madarakani wakiwa na viti 22 badala ya 26. Waliwapunguza, hawakuwafukuza. Naiona hiyo kuwa hukumu ya watu waliopima.

Wapo pia wanaosema kura moja haibadili kitu. Kwao nina tarakimu moja tu. Mei 2017, katika kata ya South Blyth huko Northumberland, wagombea wawili walifungana kwa kura 356 kila mmoja, hata baada ya kuhesabu upya. Sheria inasema kura zikifungana iamuliwe kwa kura ya bahati, na wagombea wale wakachomoa vijiti mbele ya msimamizi. Mhafidhina alikosa, na chama chake kikabaki na viti 33 kati ya 67, pungufu ya kiti kimoja kupata wingi wa kuongoza peke yake. Mtu mmoja tu kati ya waliobaki nyumbani kata ile angeweza kuamua kama chama kimoja kipate wingi katika halmashauri nzima. Badala yake uliamua urefu wa kijiti.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni jingine. Linasema: mgombea akiahidi tu kilichomo ndani ya mamlaka yake, siasa itakuwa kazi ya karani, na dhuluma kubwa haitapata wa kuipinga. Kama sheria ya taifa inawaonea watu wa wilaya, si haki diwani wao apaze sauti? Ni haki, tena ni wajibu. Lakini kuna tofauti kati ya kusema "nitazuia kiwanja cha ndege" na kusema "nitapinga kiwanja cha ndege kwa hoja hizi, uamuzi wa mwisho una ngazi ya rufaa, na tukishindwa gharama yaweza kuwa hii." Kauli ya kwanza inampa mpiga kura matumaini na kumficha bei. Ya pili inamfanya mshirika: akikubali, amekubali macho wazi, na matokeo yakiwa mabaya hatasema ameghilibiwa. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo, na kitendo cha kwanza cha muungwana anayeomba kura ni kumwambia mwenzake ukweli juu ya uwezo wake mwenyewe.

Serikali ya Uingereza nayo imelitazama tatizo hili la watu kutojua nani anahusika na nini, na dawa yake ni kubwa. Desemba 2024 ilitangaza nia ya kuondoa mfumo wa ngazi mbili na kuweka halmashauri moja moja zenye watu wapatao nusu milioni au zaidi, na Essex ni miongoni mwa maeneo yaliyotangulizwa. Uttlesford, kwa watu wake 91,000, haitabaki na halmashauri yake. Nakubali kwamba mwananchi atajua zaidi wa kumlaumu pipa na barabara vikiwa chini ya ofisi moja. Lakini umbali una bei yake. Sisi Watanzania tuna historia ya kusema hapa. Mwaka 1972, mwaka uleule Bunge la London lilipopitisha sheria ya kuziunda wilaya hizi, Tanzania ilizifuta halmashauri zake za vijijini kwa jina la ufanisi, na za miji zikafuata. Miaka kumi baadaye sheria ya kuzirudisha za vijijini ikapitishwa, zikaanza upya 1984, na Mwalimu Nyerere mwenyewe akakiri kwamba kuzifuta kulikuwa kosa. England haifuti serikali za mitaa, inazikuza, na tofauti hiyo ni kubwa. Hata hivyo onyo linabaki: ngazi iliyo karibu na mtu ikishaondolewa, kuirudisha ni kazi ya miaka. Halmashauri mpya zitakapokuja, mamlaka yake yatakuwa mapana, na sababu ya kupima ahadi za wagombea wake itakuwa kubwa zaidi.

Nimalizie kwa neno kwako, msikilizaji unayeishi England na kuzungumza Kiswahili nyumbani kwako. Jambo hili linakuhusu kuliko unavyodhani. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola aliyetimiza miaka 18, anayeishi huko kihalali, ana haki ya kupiga kura hata kama hana uraia wa Uingereza. Mtanzania yumo, Mkenya yumo, Mganda yumo, Mnyarwanda yumo. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi, kwa kuwa nchi zao si wanachama, kwa kawaida husubiri hadi wapate uraia. Ukiwa na haki hiyo, jiandikishe mapema, maana daftari hufungwa siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Tangu Mei 2023 kitambulisho chenye picha ni lazima, na siku hiyo ya kwanza watu wasiopungua 14,000 walirudishwa mlangoni na hawakurejea kupiga kura. Usiwe mmoja wao: pasipoti yako ya Tanzania, Kenya, Uganda au Rwanda inakubaliwa, na asiye na kitambulisho chochote anaweza kuomba cheti cha mpiga kura bila malipo. Kisha mgombea atakapobisha hodi mlangoni kwako, mkaribishe, msikilize, na kabla hajaondoka muulize swali moja: hili unaloniahidi, je, limo ndani ya mamlaka ya kiti unachokiomba? Jibu lake litakutosha kujua pa kuweka alama.